Mwanangu Kakosa Kuwa Kimbunga

Jamani, msicheke kwanza. Mimi naitwa Sijaona. Baba yangu aliitwa Tabu, na babu mzaa baba, Mungu awarehemu wote wawili, aliitwa Mashaka. Sasa nchi hii ukitaka chochote, kuanzia laini ya simu hadi kitambulisho, unaambiwa uandike majina matatu. Andika yangu uyasome kwa sauti: Sijaona Tabu Mashaka. Hilo si jina, huyo ni mtu anajisifu. Na kila ninayempa fomu hunitazama toka kandambili hadi nywele, kisha anatabasamu, maana anaona kabisa kwamba nimeziona zote mbili.

Kwetu Newala jina si pambo, ni barua. Mzee wangu alikuwa na ugomvi na jirani. Jirani anadai korosho zake zimeokotwa usiku, mzee anasema yeye hajaona mtu. Wiki hiyohiyo nikazaliwa mimi. Basi nikaitwa Sijaona, ili kila nikiitwa kuoga, kula au kuchapwa, jirani asikie majibu yake huko aliko. Wamekufa wote wawili, mkorosho wenyewe ulishakatwa, barua bado inatembea Mbagala inatafuta daladala.

Mnadhani natania. Siku moja pale Rangi Tatu bodaboda kagonga mkokoteni wa ndizi mbele ya macho yangu. Hakuna aliyeumia, ila ndizi zilitapakaa na watu wakazigawana kwa huruma. Trafiki akafika, akauliza nani alikuwepo. Kiherehere changu kikanyoosha mkono.

"Jina lako?"

"Sijaona, afande."

"Nimekuuliza jina. Ushahidi baadaye."

"Ndilo jina, afande. Sijaona."

"Sasa kama hujaona umenyoosha mkono wa nini?"

Nikatoa kitambulisho. Akakisoma, akakigeuza nyuma kama kuna ukurasa wa pili, akaandika. Nikachungulia daftari: Shahidi wa kwanza, Sijaona. Yule kijana wa bodaboda alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Mungu akubariki mzee. Sikuitwa popote hadi leo.

Siku ile niliapa. Nikipata mtoto wa kiume atakuwa na jina ambalo mtu akilisikia anavuta kiti. Mtoto wa kwanza akaja wa kike, mama yake akamwita Zuhura, sina kesi hapo. Kisha ikaja mimba ya pili.

Mtoto kazaliwa Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024. Wa pwani mnaikumbuka. Ndiyo siku Kimbunga Hidaya kilipofika upande wa Mafia, boti za Zanzibar zimesimama, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari juu ya tahadhari. Mimi kazi yangu ni kupaua nyumba, kwa hiyo naomba niwe mkweli: wenzangu walikuwa wanaomba dua kipite mbali, mimi nilikuwa naomba kipite mbali kidogo. Upepo ukavuma, mvua ikapiga, bati moja la jirani likang'oka likaenda kukaa juu ya mwembe kama limepanga. Na katikati ya hayo, simu: mtoto wa kiume, mama mzima.

Nikasema basi, jina limejileta lenyewe. Kimbunga.

Hebu liseme. Kimbunga! Nani atamuuliza Kimbunga una shida gani? Nani atamkata nauli mara mbili?

Nikalipeleka kwa mke wangu bado yuko kitandani, nadhani hapo ndipo nilipokosea. Alinitazama muda mrefu.

"Baba Zuhura, kimbunga chenyewe wamekipa jina zuri, Hidaya. Zawadi. Yaani hata upepo umekataa kuitwa kimbunga, wewe unakuja kumpa mwanangu?"

Yeye alikuwa na lake, Rayyan. Mimi sina ugomvi na Rayyan, ni mlango wa peponi wa wafungaji. Lakini mtaani kwetu wapo wanne. Ukimwita mmoja wanakuja wote, na wa tano anakuja kwa sababu amesikia harufu ya chapati. Mwanangu aje kuwa Rayyan wa pale kwenye mwembe wenye bati?

Mama yangu naye akapiga kutoka Newala. Anataka Mashaka, jina la babu lirudi, maana babu anamjia usiku kulidai. Nikamwambia, mama, mtoto ataandikwa Mashaka Sijaona Tabu. Akasema kwani kuna ubaya gani, si ni ukoo.

Shemeji yangu, kijana wa simu, ndiye pekee aliyenielewa. Akanionyesha kwamba kule Marekani tajiri Elon Musk mwaka 2020 alimpa mwanawe jina la X Æ A-12, mpaka ikabidi ile 12 igeuzwe herufi kwa kuwa sheria za California hazikubali tarakimu kwenye jina. Nikaibeba simu mbio kwa mke wangu. Akasoma, akanirudishia. "Huyo akiharibu jina la mtoto ana hela ya kumbembelezea. Wewe una nini?"

Nikaona niende na hoja nzito, nikamfuata mama mkwe. Nikamwambia, mama, Mwalimu Nyerere mwenyewe alizaliwa Butiama 1922 siku ya mvua, akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Mbona hakuharibikiwa? Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua hata macho.

"Mkwe wangu, mvua inaotesha. Kimbunga kinaotesha nini?"

Nilitaka kusema kinaotesha kazi za mabati. Nikanyamaza, kuna mambo hayaelezwi kwa mtu aliyeshika ungo.

Kilichoniuma zaidi ni kuona kila mtu kwao kuna jibu. Jirani yangu Mjaluo wa Rorya akasema kwao mtoto wa mvua ni Okoth, maneno yameisha, watu wanakula. Msukuma wa duka la jumla akasema Mabula, anapima sukari huku anajibu. Na hao wanaotaja vimbunga ndiyo usiseme: wana orodha ya majina kwa alfabeti, imeandaliwa kabla hata msimu haujaanza. Filipo akaenda Msumbiji, Gamane akaenda Madagaska, zamu ya H ikamwangukia Hidaya. Upepo una jina haujazaliwa! Mwanangu ana siku tano duniani anaitwa "haka".

Ikafika Ijumaa, siku ya saba, akika. Kwa mtoto wa kiume suna ni mbuzi wawili. Mfuko wangu ulitoa fatwa yake: mmoja. Watu wamejaa uani, sufuria la pilau liko motoni, na jina bado. Mke wangu amenikalia kimya kile cha kupanga jambo. Mimi nimepanga pia. Nilishaamua shehe akiuliza tu, nalitamka Kimbunga mbele ya kadamnasi, na nani atanikatalia mbele ya wageni?

Shehe wetu ni mzee wa watu, sikio la kulia limestaafu. Amempakata mtoto, ameinama upande wangu, akauliza kwa upole, "Tumwite nani?"

Nikavuta pumzi. Na hapohapo shangazi yake mke wangu, mwenye kazi ya kumnyoa mtoto, akapaza sauti toka mlangoni, "Baba Zuhura, umeona wembe?"

Mimi mtu wa adabu. Shangazi mkwe akiuliza, unajibu kwanza.

"Sijaona!"

"Mashaallah," akasema shehe, na akainua mikono. Dua aliyoisoma ilikuwa ndefu na nzuri, jina limetajwa mara tatu, na kila mara watu uani wanaitikia amina. Nilijaribu kumgusa bega, akadhani nimeguswa na dua, akaongeza nyingine. Upande wa simu mama yangu alikuwa anapiga vigelegele Newala nzima isikie: jina halikutoka nje ya ukoo. Hata wembe wenyewe ulikuwa mfukoni mwangu.

Usiku nikamwambia mke wangu, kesho namfuata shehe, tutasahihisha. Nikategemea aruke kwa furaha. Alimfunika mtoto vizuri, akageukia ukuta.

"Acha hivyohivyo. Ukienda kusahihisha utarudi na Kimbunga."

Baadaye nikaenda kumsajili kabla siku 90 hazijaisha. Nyuma ya meza yupo binti mpole, haraka hana, kalamu iko tayari.

"Jina la mtoto?"

"Sijaona."

Akaandika. "La baba?"

"Sijaona."

Kalamu ikasimama. Akaniangalia, akaangalia tangazo la kizazi, akaandika. "La babu?"

"Tabu."

"Tabu?" Akavuta muhuri. "Utaiona, baba."