Mshenga Aliyepotea Kotini

Baba mdogo aliponipigia simu kuniambia nimechaguliwa kuwa mshenga wa kijana wake, sikuuliza tunakwenda kuposa kwa nani wala wenyewe wanataka ng'ombe wangapi. Nilichowaza ni suti. Dodoma yetu hii, tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo 2016, asiye na koti huitwa "kijana" hata awe na mvi, na mwenye koti huitwa "mheshimiwa" hata kama anakwenda kununua mchicha. Mimi natoa fotokopi na kuuza madaftari Majengo. Sijawahi kuitwa mheshimiwa.

Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nikawahi soko la Sabasaba kabla belo la mitumba halijafunguliwa. Kabla sijaendelea, mnijue umbo: futi 5 na inchi 3, kitambi cha wastani, na mabega ya chupa ya soda, yaani yanaanzia shingoni na kuteremka moja kwa moja.

Nikaliona. Koti la kijivu kilichokolea, sufu laini, ndani bitana ya zambarau inang'aa kama zabibu iliyooshwa. Nikapapasa kitambaa, nikageuza bitana, nikavuta vifungo, nikalinusa hadi kwapani. Nilikagua kila kitu isipokuwa kama linanienea.

"Mheshimiwa!" muuzaji akasema, akanivalisha.

Hapo ndipo nilipokwisha.

Kioo chake kilikuwa kipande cha ukubwa wa sahani, kimefungwa kwa waya kwenye nguzo. Kinakuonyesha kidevu na kifua, basi. Na kifuani, wallahi, nilikuwa nimenyooka kama rula. Nisichokijua ni kwamba nyuma yangu yule bwana alikuwa amekusanya kitambaa ngumi nzima na kukikaza. Ndiyo maana kila nilipogeuka, naye aligeuka nami, tukawa kama tunacheza muziki. Alianza na 50,000, nikamshusha mpaka 28,000, nikaondoka najiona mjanja.

Nyumbani mama watoto alinitazama kimya, kisha akamwita binti yetu: "Njoo umwone baba yako, karudi na hema."

Kioo cha kabatini hakina ngumi ya kukusaidia. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Wangu ulikuwa umevuka mpaka kwa vidole vinne, umebeba pedi tupu hewani. Pindo linatakiwa lifunike makalio lisimame hapo. Langu lilikuwa linakaribia magoti. Kwa mrefu si hoja, lakini mimi miguu yangu mifupi tangu mwanzo, na sasa ilikuwa imemezwa yote. Kilichobaki ni kiwiliwili chenye viatu.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye cherehani yake ina umri mkubwa kuliko mimi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hili koti la marehemu?"

"La kwangu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akazunguka na futi kamba na chaki, akanigonga begani. "Mikono nitapunguza, shati lichungulie unene wa kidole. Kiunoni nitabana. Bega siligusi. Ukiligusa bega umelibomoa koti zima: utoe mkono, utoe pedi, ukate upya, urudishie. Hela hiyo unapata suti nyingine. Na urefu, inchi moja. Mwisho."

"Kata nne."

"Mwanangu, mifuko haihami. Kifungo hakihami. Ukikata chini, vyenyewe vinabaki pale pale vinakutazama."

"Fundi, wewe kata."

Akakata. Na hapa nataka niseme kwa haki, mzee yule alishona pindo zuri sana. Ila mifuko ikawa imekaa ukingoni kabisa, kama abiria wanaosubiri kushuka kwenye daladala. Vifuko vya ndani vilivyokuwa vinaning'inia ilibidi vikatwe na kushonwa upya, kina kikabaki vidole viwili. Kifungo nacho, ambacho kinatakiwa kikae usawa wa kiuno, juu kidogo ya kitovu, kilikuwa chini kabisa ya kitambi, maana koti lilikatwa kwa ajili ya mtu ambaye kiuno chake kinaanzia kifuani kwangu. Upana wa mabega ni ule ule wa mwenyewe, urefu wa kwangu. Nikawa mraba.

Baba yangu alioa kwa kaunda suti, akaishi na mama vizuri miaka 40. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Tukaenda Bahi na Noah ya kuazima, mimi mbele, bahasha yenye barua ya posa na hela ya kifungua mlango nimeichomeka mfuko wa kulia. Upepo wa kwetu mnaujua. Nilipotelemka tu, koti likajaa hewa, shangazi akanishika mkono kama anazuia mwavuli.

"Hodi! Mbukwenyi!" nikawasalimu Kigogo.

Wakatukaribisha sebuleni kwenye makochi yale ya kuzama. Nikaketi bila kufungua kifungo. Koti la suti hufunguliwa ukikaa; siku hiyo ndiyo nimejua. Mimi nilishuka, koti likagoma. Pindo likaegemea kochi, vyote vikapanda juu: kola ikafika masikioni, mabega yakanipita kichwa pande zote mbili, kidevu kikaingia ndani. Nikawa naona ukumbi kupitia upenyo wa kola.

Bibi wa binti, macho hayaoni vizuri, akamwinamia jirani yake lakini sauti haikuinama: "Mshenga wao katoka kwenda wapi?"

Shangazi akakohoa. Nikasimama haraka kuokoa jahazi. Nikajitambulisha, nikasema tumeona ua katika bustani yenu, maneno yale yote, nikapeleka mkono mfukoni kutoa bahasha. Vidole vikaingia viwili, vikagonga mwisho. Hakuna bahasha. Nikajaribu wa kushoto. Nikapapasa kifuani. Wazee wakadhani ni mbwembwe za mshenga, mmoja akapiga makofi.

Ndipo akaingia mtoto wa miaka kama sita, anahema, bahasha ina vumbi.

"Babu, yule mtoto aliyevaa koti la baba yake kadondosha hii pale kwenye gari."

Baba mdogo alicheka mpaka akatoka nje. Baba mdogo wangu mimi, siyo wao.

Posa zetu mnazijua, kila kosa lina bei. Tukapigwa faini 10,000 kwa kuingia na mikono mitupu, na 5,000 kwa kosa ambalo sijawahi kulisikia popote: kumficha mshenga ndani ya nguo. Nikaanza kutoa hela. Babu wa binti akanyanyua mkono. Mzee mrefu, mwembamba, mabega mapana kama nira. Akasema hela yetu haitaki, faini yake ni lile koti.

Nikalivua. Akalivaa pale pale, na sebule yote ikanyamaza. Mshono wa bega ulikaa juu ya mfupa kama umezaliwa naye. Kifungo kilikaa kiunoni. Mgongo ulilala bila mkunjo hata mmoja. Kuanzia mbavu kwenda juu alikuwa waziri. Kuanzia hapo kwenda chini koti liliishia kwenye mkanda, na mikono ilimwachia nusu ya kigasha nje.

Akajitazama chini, akavuta pindo. Halikushuka. Akalivuta tena.

"Koti zuri sana hili," akasema taratibu. "Mjinga gani alilikata?"

Sebule nzima ikanigeukia, mimi na shati langu.

"Fundi," nikasema.