Beit al-Ajaib ni ya nani? Jibu nimelikuta Riga

Kila inapotajwa Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye magrupu ya WhatsApp ya nyumbani, hakosi mmoja wa kusema: "Jengo la sultani lile, likianguka na lianguke." Maneno haya nilikuwa nayasikia hata kabla ya Desemba 25, 2020, siku upande wa jengo ulipoporomoka mafundi wakiwa kazini na wawili wakafariki. Mimi sasa naishi Riga, na kila nikiyasoma huwa natamani nimshike mkono msemaji nimlete hapa.

Riga, mji mkuu wa Latvia, uko kando ya mto Daugava. Aliyeuanzisha mwaka 1201 ni Albert, askofu wa Kijerumani, na kwa karne nyingi baada yake Wajerumani ndio waliokuwa wakubwa wa mji, iwe kwenye biashara, kanisani au kwenye baraza la hukumu. Walatvia walikuwa watu wa chini katika nchi yao wenyewe. Mzanzibari hahitaji kusimuliwa mara mbili hadithi ya aina hiyo.

Katikati ya mji wa kale lipo jengo la matofali mekundu, limejaa masanamu na saa kubwa usoni. Ni Nyumba ya Vichwa Vyeusi. Linatajwa tangu 1334, na baadaye likawa la chama cha wafanyabiashara wasiooa, wengi wao Wajerumani. Jina limetoka kwa mlinzi wao, Mtakatifu Mauritius, askari wa Kirumi wa kutoka Misri ambaye Wazungu walizoea kumchora mtu mweusi. Kwa hiyo nembo ya chama ni kichwa cha mtu mweusi. Nikipita pale wakati wa baridi, nimejifunga skafu mpaka masikioni, watalii huitazama nembo, wakanitazama mimi, kisha wakarudi kwenye nembo. Nimeshazoea.

Juni 1941 jengo hilo liliungua kwa mizinga ya Wajerumani wenyewe. Mwaka 1948 Wasovieti wakafagia magofu. Wenye nyumba nao hawakuwapo tena, maana kuanzia 1939 Hitler alikuwa amewahamisha Wajerumani wa Baltiki. Sasa fikiria Latvia ya miaka ya 1990. Uhuru ndio kwanza umerudi, viwanda vinafungwa, mishahara haitoshi. Ungetarajia waseme "hilo lilikuwa la mabwana zetu wa zamani, tuna shida zetu." Badala yake walianza kulijenga upya, na kufikia 1999 lilikuwa limesimama, kabla mji haujatimiza miaka 800 mwaka 2001. Inasemekana jengo la kale lilikuwa na maandishi ya kuomba kwamba likibomoka, lijengwe tena. Utasema hiyo ni kopi. Ni kweli, matofali ni ya juzi. Lakini waliamua kwamba kilichojengwa kwenye ardhi yao, kwa jasho la babu zao, ni chao.

Na si kwamba wanahifadhi kila kitu. Agosti 2022 waliuangusha mnara wa ushindi wa Kisovieti, wenye urefu wa mita 79 hivi. Wanachagua. Mabanda ya chuma ya ndege-puto za jeshi la Ujerumani wameyageuza soko kuu tangu 1930. Humo nanunua samaki wa kukaushwa moshi na mkate mweusi, ingawa harufu ya kabichi chachu bado inanishinda.

Jambo moja Riga hawatupati. Mji wao wa kale umebaki mahoteli na mikahawa. Usiku wa Januari huoni mtoto aliyetumwa dukani. Mji Mkongwe bado una wenyewe, wazee wako barazani na kahawa yao, na nguo zinaanikwa juu ya vichochoro. Hilo silibadilishi kwa minara yote ya hapa.

Ndiyo maana kauli ya "jengo la sultani" inaniudhi. Sayyid Barghash aliliamuru mwaka 1883, sawa. Mawe ya matumbawe na chokaa alibeba yeye? Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 haikuliangusha. Baadaye likawa makumbusho, na watoto wa shule wakaingia kuutazama mtepe uliojengwa upya ndani yake, wakajionea wenyewe chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Hapo sultani yuko wapi?

Mimi ninachodai ni kidogo. Beit al-Ajaib likikamilika kujengwa upya, lisikodishwe kuwa hoteli. Libaki makumbusho, na mtoto wa Ng'ambo, mitaa ya nyuma ya Mji Mkongwe, aingie bure siku yoyote anayotaka, hata kama mtalii nyuma yake anahesabu dola.