Hati ya malisho Handeni na Kilindi: ya mtu mmoja au ya kundi?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila itolewe kwa mtu mmoja, kwa familia au kwa kundi. Handeni na Kilindi, mkoani Tanga, ambako mashamba ya Wazigua na Wanguu yanapakana na maboma ya Waparakuyo na Wamaasai wengine, uchaguzi huo ndio utakaoamua kama mfugaji atabaki na malisho au atabaki na kiwanja cha nyumba tu.

Wanaotetea hati ya mtu mmoja mmoja wana hoja nzito. Mpaka unajulikana, urithi hauna utata, na mjane ambaye jina lake liliandikwa pamoja na la mumewe hafukuzwi na mashemeji kirahisi. Kwa shamba la mahindi la ekari 5, hiyo ndiyo hati inayofaa.

Malisho yana hesabu nyingine. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku, yaani tani 2 na ushee kwa mwaka. Hekta moja ikitoa tani 2, na nusu ikaachwa ili nyasi zichipue tena, ng'ombe mmoja anahitaji zaidi ya hekta 2. Ng'ombe 20 ni kama hekta 44, yaani zaidi ya ekari 100, na hapo mvua haijakosa. Mvua ikinyesha upande mmoja wa kijiji tu, mwenye kipande chake upande wa pili hana pa kupeleka mifugo. Ndiyo maana wazee wa Kimaasai waligawa majira, si viwanja: kiangazi huku, masika kule, na olopololi, yaani malisho yaliyotengwa karibu na boma, kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa.

Utaratibu huo haukuandikwa, na ardhi isiyoandikwa huhesabiwa kuwa pori la kugawa. Kwa hiyo nasimama na hati ya kundi, ingawa nayo huharibika, tena kwa sababu zinazojulikana. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kiangazi, vijana wakiwa mbali wakichunga mifugo, malisho hupigiwa kura na wasiofuga. Ramani huchora nyanda na kusahau lambo na njia ya mifugo, kisha shamba jipya linafunga njia na ugomvi unaanza. Orodha ya wanakundi hujaa majina ya wanaume, au viongozi watatu hukodisha eneo bila wenzao kujua.

Kinga yake ni maandalizi. Mpango wa matumizi ya ardhi utangulie hati. Kamati ya uhakiki itembee mpaka pamoja na wafugaji na wakulima wanaopakana nao. Katiba ya kundi itaje idadi ya mifugo, miezi ya kufunga eneo, na sharti kwamba hakuna kukodisha bila kikao cha wote, wanawake wakiwemo. Nakala ikae pia kwenye masijala ya kijiji, maana hati iliyofungiwa wilayani haimsaidii mchungaji aliyekuta njia imelimwa.

Misitu ya matambiko ya Wazigua nayo iingie kwenye ramani hiyo hiyo, kwa jina na mipaka yake. Ikiachwa nje, mkaa utaimaliza kabla wazee hawajaulizwa.