Je, Kuliuliza Andiko ni Kupungukiwa Imani?

Kama kuna mstari ambao Wakristo wa Mombasa wanausoma bila kufungua Biblia, ni Yeremia 29:11. Umebandikwa kwenye vioo vya matatu, umechapishwa kwenye kadi za harusi na fulana za kambi za vijana, na usiku wa kuamkia mwaka mpya mhubiri akianza tu, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi," kanisa zima humalizia kwamba ni mawazo ya amani, ya kuwapa tumaini. Tumeuzoea kiasi kwamba hatuusomi tena, tunauitikia.

Katika ushirika wa nyumbani mmoja huko Mikindani, kijana aliinua mkono baada ya mstari huo kusomwa, akauliza, "Samahani mchungaji, hao walioandikiwa barua hii, walirudi kwao?" Mchungaji alimjibu kwa upole, "Mwanangu, neno la Mungu halihojiwi, linaaminiwa." Watu wakaitikia Amina, kikao kikaendelea na maombi.

Jibu lile si la mtu asiyejua anachosema, na wanaolitetea wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Ila swali la kijana nalo lilikuwa na jibu, na jibu limo ndani ya Biblia ileile aliyokuwa ameishika mkononi.

Sura ya 29 ya Yeremia ni barua. Imeandikwa kutoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli pamoja na Yekonia, mfalme wa Yuda. Sura inayotangulia inamtaja nabii Hanania, aliyewaahidi watu kwamba katika miaka miwili mambo yote yatarudi kama zamani. Watu walimpenda Hanania, na nani asingempenda? Yeremia akaandika kinyume chake: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni wake, mzae wana. Na mstari wa 10, ambao fulana hazina nafasi ya kuuchapisha, unataja miaka 70 kabla ya Mungu kuwarudisha. Mtu wa miaka 40 aliyesomewa barua ile alielewa mara moja kwamba yeye haimhusu safari ya kurudi. Ukifuata habari hadi kitabu cha Ezra, sura ya 2 inahesabu waliorudi, watu 42,360, na sura ya 3 inasema wazee walioiona nyumba ya kwanza ya Mungu walilia kwa sauti kuu msingi mpya ulipowekwa. Kwa hiyo wachache walirudi wakiwa wazee, wengi walirudi kupitia watoto na wajukuu wao, na wengine walizikwa ugenini wakiwa na ile ahadi mkononi.

Mstari ukisomwa hivyo unakuwa mzito zaidi, na kwa mji wetu una neno ambalo mstari wa 11 peke yake hauna. Mstari wa 7 unasema, "Kautakieni amani mji ule." Hebu fikiria viti vya makanisa ya Changamwe, Mikindani na Bamburi, vimejaa watu waliokuja Mombasa kutafuta kazi. Wengine wana miaka ishirini hapa, watoto wao wamezaliwa hapa, lakini ukiwauliza kwao watakutajia kijiji cha mbali, na Mombasa kwao ni mahali pa kutafutia tu. Kila uchaguzi unapokaribia, maneno ya wabara na wapwani hupanda joto. Barua inayomwambia mgeni aombee mji usio wake, kwa kuwa amani ya mji ndiyo amani yake, ni mahubiri tunayoyahitaji sana, na tunayapita kila mwaka tukikimbilia mstari wa 11.

Hata hivyo, upande wa mchungaji una uzito. Kwanza, kuna mama aliyelala wodini ambaye mstari ule ndio uliomfikisha asubuhi. Nani atakwenda kitandani pake kumweleza kwamba barua ile iliandikiwa watu wa Babeli? Anayefanya hivyo ana maarifa lakini hana huruma. Pili, na hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, waandishi wa Agano Jipya wenyewe hawakufungwa na muktadha kama tunavyotaka kufungana sisi. Hosea 11:1 anaposema kwamba Mungu alimwita mwanawe atoke Misri, anaizungumzia Israeli iliyokwisha kutoka utumwani. Mathayo anauchukua mstari huo katika sura ya 2 na kuuweka juu ya mtoto Yesu anayerudi kutoka Misri. Kama Mathayo aliona neno la kizazi kimoja likisema na kizazi kingine, kwa nini mama wa wodini akatazwe? Sijaona jibu la haraka kwa hoja hii. Ninachoweza kusema ni kwamba Mathayo aliijua habari nzima ya Israeli kutoka Misri, na uzito wa alichokifanya unategemea msomaji naye aijue. Hakuukata mstari akautupa muktadha, aliubeba pamoja na habari yake yote.

Tatu, kuna heshima ya wazee. Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, imekaa vinywani mwa familia nyingi za pwani na bara kwa maneno yaleyale. Bibi aliyehifadhi Zaburi ya 23 akiwa msichana anaposikia mjukuu wake anauliza-uliza, anahisi mjukuu anachokonoa msingi wa nyumba waliyomo wote.

Na Mombasa kuna sababu moja zaidi, ambayo walio mbali na pwani hawaifikirii sana. Kwetu hapa maswali juu ya Biblia mara nyingi yamekuja kwa kipaza sauti. Mihadhara ya hadharani, ambapo mhadhiri wa Kiislamu husimama na Biblia mkononi na kumtaka Mkristo aeleze kwa nini Injili hii inasema hivi na ile vile, imewafundisha Wakristo wengi kusikia swali kama shambulizi. Mkristo aliyewahi kubanwa mbele ya umati hurudi kanisani akitaka majibu ya kufunga mdomo wa mtu, na ndugu yake akiuliza jambo lilelile kwa nia ya kujifunza, anamtazama kama amebadili upande. Huu ni msiba, maana majirani zetu Waislamu hawaoni haya kukaa kwenye darsa na kumsikiliza sheikh akifafanua aya moja kwa muda mrefu, swali kwa swali, hasa mwezi wa Ramadhani. Wanajua kwamba kutafuta maana ya kitabu ni sehemu ya kukiheshimu. Sisi tumeogopa swali kwa sababu ya mahali tulipolisikia kwanza.

Kwa upande mwingine wa mji wa imani, jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki nyingi husoma Injili kwa njia ya hatua saba, iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Katika hatua moja kila mtu hutaja neno lililomgusa, kisha kimya, kisha watu hushirikishana bila kubishana wala kuhubiriana. Anayetetea njia hii atakwambia kwamba Biblia si karatasi ya mtihani, na kwamba kimya kinaweza kufundisha kuliko mjadala. Nakubali. Ninachokiogopa ni neno lililonigusa likawa ni lilelile lililonigusa mwaka jana na mwaka juzi, kwa kuwa hakuna kitu kilichonisukuma nitazame mengine.

Kuna maswali mepesi pia, na wanaopenda njia ya kuuliza wamelaumiwa kwa haki kwa kuyashabikia. Mamajusi walikuwa wangapi? Mathayo hasemi, anataja zawadi tatu, na anasema waliingia nyumbani, si zizini. Ni vizuri kulijua hilo, lakini mtu akiishia hapo amepata la kuwashangazia wenzake tu.

Swali zuri ni lile linalotoka kwenye andiko lenyewe, pale ambapo habari ingeweza kwenda njia rahisi ikaenda nyingine. Mathayo 20 ni mfano ninaoupenda. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kuajiri watu kwa dinari moja, ujira wa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, hadi saa kumi na moja jua likikaribia kuzama. Jioni wote wanapata dinari moja. Tumehubiriwa mara nyingi kwamba hii ni habari ya mtu anayeokoka uzeeni, na tukaridhika.

Sasa uliza. Kwa nini anaanza kuwalipa wa mwisho? Kama angewalipa kwanza walioanza alfajiri, wangechukua dinari yao, wangeshukuru na kwenda zao, na manung'uniko yasingekuwapo. Ni yeye aliyepanga waone. Tena, anaye msimamizi, ametajwa mstari wa 8, lakini kila mara anatoka mwenyewe kwenda sokoni. Na kwa nini sura inaanza na "Kwa maana"? Kwa sababu habari haikuanzia hapo. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unanasibishwa na Stephen Langton wa karne ya 13, na namba za mistari za Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Mathayo hakujua lolote kuhusu sura ya 20. Rudi nyuma mistari michache utamkuta Petro akiuliza, "Tazama, sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi?" Mfano wote ni jibu kwa mwanafunzi aliyetangulia na anayepiga hesabu ya malipo. Kwa hiyo waliolengwa kwanza ni wale wa alfajiri, yaani sisi tunaokaa viti vya mbele, zaidi ya yule anayeokoka dakika ya mwisho.

Niliwahi kusikia andiko hili likijadiliwa mbele ya mzee aliyefanya kibarua bandarini ujanani mwake. Wengine walikuwa wakisema wa saa kumi na moja walikuwa wavivu waliochelewa kuamka. Mzee akakataa. "Mnafikiri asubuhi walikuwa wapi? Walikuwa palepale. Getini huchukuliwa kwanza wenye mabega. Anayebaki hadi jioni ni mzee, au mgonjwa, au yule asiyejulikana na mtu. Kubeba gunia si kazi ngumu kama kusimama siku nzima ukikataliwa." Kisha akaomba jibu lao lisomwe tena: "Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri."

Mpinzani atasema, na kwa haki, kwamba andiko halisemi watu hao walikuwa dhaifu. Mzee ameongeza ya bandarini kwetu Kilindini. Ni kweli ameongeza. Lakini pia ameondoa kitu ambacho sisi tulikuwa tumeongeza bila kujua, ule uvivu, ambao haumo kabisa. Na aliwaelewa hata wanaonung'unika. Huu ni mji uliosimama kwa mgomo Januari 1947 kwa ajili ya mishahara. Mtu wa hapa hawezi kuyacheka malalamiko ya waliostahimili "taabu na hari za mchana kutwa". Msomaji aliyewahi kuwa upande huo husikia jinsi swali la mwenye shamba linavyouma: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?"

Hatuwezi kulizungumza jambo hili pwani bila kutaja Shakahola. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa kaunti jirani ya Kilifi, ya watu wanaodaiwa kuhimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Pande zote mbili huitaja. Wa upande wa maswali husema: wangeuliza, wasingekufa. Wa upande wa pili husema: hayo ndiyo matunda ya mtu kuacha mafundisho ya siku zote na kuchimba maana zake mwenyewe. Naona wote wameshika kitu cha kweli. Mtu anayeuliza peke yake na kujijibu peke yake anaweza kufika popote. Na kundi linalomwachia mtu mmoja kazi ya kusoma, likabakiza kuitikia tu, halina pa kushika siku anapopotoka. Kinga ni swali linaloulizwa mbele ya wengine, wakiwamo wazee wanaokumbuka mengi na vijana wasioogopa, huku Biblia ikiwa wazi kwenye mapaja ya wote.

Wanaotumia Matendo 17:11 kutetea maswali husahau nusu yake. Waberoya, watu wa mji wa Beroya waliohubiriwa na Paulo, wanaitwa waungwana kwa sababu "walilipokea lile neno kwa uelekevu wa moyo", kisha "wakayachunguza maandiko kila siku". Walimchunguza Paulo mwenyewe, na Luka akawasifu. Lakini kupokea kulitangulia. Mtu anayefungua Biblia akitafuta kosa na mtu anayeifungua akitafuta maana wanaweza kuuliza swali moja kwa maneno yaleyale, na mchungaji aliyekaa nao muda mrefu huwatambua.

Linalobaki gumu ni la utendaji. Wachungaji wetu wengi hawakupata nafasi ya chuo, wanafanya kazi nyingine mchana, na swali la ghafla mbele ya watu huwaaibisha. Hapo ndipo "halihojiwi" inapozaliwa mara nyingi, wala si kwenye imani. Kanisa linalotaka watu wasome kwa makini lianze kwa kumruhusu mchungaji aseme, "Sijui, tutalitazama wiki ijayo," bila mtu kumdharau. Na kama kuna aliyefiwa kikaoni, swali la miaka 70 lingoje siku nyingine.