Saa kumi na moja jioni Uskoti: TV ya Kigaeli ikiingia, redio zinashuka

Kuna ugomvi mmoja wa Uskoti ambao mi hunirudia kichwani kila nikisikia watu wanabishana kuhusu lugha ndogo na pesa za umma. Ni ugomvi mdogo tu, wa king'amuzi. Tarehe 8 Juni 2011 stesheni ya TV ya Kigaeli (lugha ya zamani ya Uskoti, si Kiingereza), BBC Alba, iliingia kwenye Freeview, ile huduma ya Uingereza unayoinasa kwa antena ya kawaida juu ya paa, hakuna dishi, hakuna kulipia kifurushi kila mwezi. Ili ipate pa kukaa, redio za BBC zilizokuwa zinasikika kupitia Freeview hiyohiyo zikawa zinatolewa Uskoti nzima kila Alba inapokuwa hewani, yaani kwa kawaida kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa sita usiku.

Hebu piga picha mtu yuko jikoni kwake anamenya viazi, TV ya sebuleni kaiacha kwenye Radio 3, redio ya muziki ya BBC, kioo hakina kitu, ye anachotaka ni muziki tu. Saa kumi na moja muziki unakatika. Anafuta mikono, anaenda kubonyeza rimoti, anafika namba 8, ya Alba, anakutana na katuni ya mleta barua na paka wake wanaongea lugha asiyoijua hata salamu yake. Hapo hasira inaeleweka kabisa, na ukimwambia ni kwa ajili ya kuokoa utamaduni atakuuliza utamaduni gani unaokolewa kwa kumzimia mtu redio.

Sasa kwa nini ilikuwa lazima mmoja ashuke? Masafa ya TV ya dijitali yanagawanywa kwa mafungu, na fungu la BBC lililobeba stesheni zake za kawaida lilikuwa na uwezo wa kama megabiti 24 kwa sekunde. Lichukulie kama daladala ambalo siti zake zimehesabiwa na konda hana pa kuongeza kigoda. Stesheni moja ya TV inakula siti nzima na kidogo ya jirani, redio moja ni kama mtoto wa kupakatwa, haionekani, lakini ukiwakusanya watoto wote wa BBC unakuta wamejaza siti ya mtu mzima mmoja. Ungeweza kusema tuwabane wote, tupunguze ubora wa picha kila mahali, ila hapo BBC One inaanza kuwa na vidoadoa mechi ikichezwa na malalamiko yanakuja kutoka kila nyumba badala ya baadhi. BBC Trust, ndo waliokuwa wasimamizi wa shirika wakati ule, wakaona bora redio zishuke jioni, wakapitisha Desemba 2010.

Upande wa wasikilizaji wa redio nisiupunje. Miezi michache tu kabla ya hapo BBC ilitaka kuifunga kabisa 6 Music, redio yake nyingine ya muziki, watu wakaja juu, wakaandamana, Trust ikakataa pendekezo hilo Julai 2010. Watu wameshangilia, wameshinda, halafu mwaka unaofuata kama ni mkazi wa Uskoti na unaisikiliza kwa Freeview unaambiwa jioni haipo. Na 6 Music haiko FM. 1Xtra haiko FM. Radio 4 Extra, nayo haipo. Hizi ni redio za dijitali tupu, unazipata kwa redio ya DAB (redio ya dijitali yenye mitambo yake yenyewe), kwa dishi, kwa intaneti au kwa TV. DAB ukiwa Edinburgh au Glasgow haina shida, ila nenda kule milimani kaskazini, bonde baada ya bonde, mlima umekaa katikati yako na mtambo, DAB ya 2011 ilikuwa inakuonyesha kimya tu. Intaneti ya vijijini miaka ile ilikuwa ya kusubiri ukurasa ufunguke huku chai inachemka. Kwa hiyo kwa baadhi ya watu Freeview ilikuwa ndo mlango pekee, na mlango huo ukafungwa saa zilezile mtu anarudi kazini. Wale waliosema hili hawakuwa wote maadui wa Kigaeli, wengine walikuwa wanauliza tu kwa nini mimi, kwa nini siyo mwingine.

Lakini ukifuatilia mjadala ulivyokwenda, swali la "kwa nini mimi" halikukaa muda mrefu, likageuka kuwa swali la hesabu. Na hesabu yenyewe ilikuwa moja, ileile, kila mahali: hao wasemaji wa Kigaeli ni asilimia moja. Basi, kesi imefungwa.

Mi hiyo asilimia moja inanikera, siyo kwa sababu ni uongo. Ni kweli. Sensa ya 2001 ilihesabu wasemaji 58,652, ya 2011 ikashuka kidogo hadi 57,375, na Uskoti ina watu zaidi ya milioni tano, piga mwenyewe, inakuja asilimia 1.1. Kinachonikera ni jinsi inavyotumika kama fimbo ya upande mmoja. Kwanza hiyo asilimia imechanganya mtaa wa Glasgow na kijiji cha Lewis kwenye kapu moja. Mwaka 2011 ukienda visiwa vya magharibi ya mbali, Lewis, Harris, Uist, Barra, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wanaongea Kigaeli. Kule ndo lugha ya dukani, ya kanisani, ya bibi anayemgombeza mjukuu. Na hao watu walikuwa wanalipa leseni ya TV, ile ada inayoendesha BBC, pauni 145.50 kwa mwaka sawasawa na mtu wa London, na kwa miaka mingi walichopewa ni kipindi kimoja kimoja kilichochomekwa kwenye stesheni ya Kiingereza, mara nyingi saa ambazo wengine wameshalala au hawajaamka.

Pili, hiyo namba haikudondoka kutoka mbinguni. Sensa ya 1891 ilikuta wasemaji 254,415. Kabla ya hapo, 1872, ilitungwa sheria ya elimu ya Uskoti ambayo Kigaeli haikukitaja hata kwa bahati mbaya, mtoto akaenda shule ya lugha nyingine na nyumbani akaanza kuona ya mama yake ni ya kienyeji. Watu wamebaki elfu hamsini na kitu baada ya karne nzima ya namna hiyo halafu unakuja kuwaambia mko wachache mno, hamstahili stesheni. Wachache wamefanywa, jamani.

Tatu, na hii ndo ninayoing'ang'ania zaidi kuliko zote, upande wa pili haukuwahi kuulizwa namba yake. Nyinyi mnaosikiliza redio kupitia TV mko wangapi? Vipimo vya usikilizaji vya Uingereza mwaka ule 2011 vilionyesha kusikiliza kupitia TV ya dijitali ni kama asilimia 4 ya usikilizaji wote wa redio. Nne. Na hiyo nne ina watu wa Sky, wale wa dishi la kulipia, na wa kebo ndani yake, ambao hawakuguswa hata kidogo na suala hili. Halafu usikilizaji wa redio kawaida yake unapanda asubuhi, watu wanajiandaa, wako barabarani, jioni unateremka na TV ndo inapanda. Sasa kwenye ile asilimia nne toa wenye dishi, toa wa kebo, toa saa zote kabla ya kumi na moja jioni, toa wanaosikiliza Radio 2 na Radio 4 ambazo wangeweza kuwasha redio ya mfukoni ya FM wakazipata, unabaki na kundi dogo la watu wenye haki yao kabisa, lakini dogo. Kwa hiyo ilikuwa wachache kwa wachache. Ila wachache wa upande mmoja walihesabiwa mpaka kichwa cha mwisho na sensa inawafuata, wachache wa upande wa pili wakaitwa "wasikilizaji" tu, neno pana, kama vile ni nchi nzima imezimiwa redio.

Na watazamaji je? Alba ilipoanza Septemba 2008 ilikuwa kwenye satelaiti tu, yaani ili uone TV ya lugha yako ukiwa kwako Stornoway, mji wa Lewis ambao ofisi za MG ALBA, wanaoiendesha stesheni pamoja na BBC, zipo hapohapo, ilibidi uwe na dishi. Na waliwekewa sharti kwamba ili wafikiriwe Freeview inabidi waonyeshe wanafikia watu 250,000 kwa wiki, mara nne ya wasemaji wote wa lugha hiyo Uskoti! Sijui ni stesheni gani ya Kiingereza iliwahi kuambiwa ilete watazamaji mara nne ya watu wanaoielewa. Walipoingia Freeview wakapita nusu milioni kwa wiki. Karibu mtu mmoja kwa kila kumi Uskoti.

Hapa wapinzani wana jibu na ni jibu zuri: wengi wao wanafuata mpira na raga. Ni kweli, miaka ile Jumamosi jioni Alba ilikuwa inarudia mechi nzima ya ligi, mtu anaweka hapo, mtangazaji anatangaza Kigaeli, kocha anahojiwa kwa Kiingereza, chini kuna maandishi ya Kiingereza yaliyobandikwa hayatoki. Unaweza kuangalia msimu mzima ukajua neno moja tu la goli. Na hata baadhi ya Wagaeli wenyewe wana kinyongo na hayo maandishi, wanasema tumepewa stesheni yetu halafu tunaisomea kwa Kiingereza, mtoto anasoma chini hasikilizi juu. Sina la kuwajibu hapo, wana pointi.

Ila rudi kwenye ile saa kumi na moja jioni. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hiyo saa hasa, si wangeanza saa tatu usiku redio zikabaki mpaka muda huo? Ni kwa sababu ya watoto. Shule za Kigaeli zilianza 1985, Glasgow na Inverness, madarasa machache, na Glasgow kufikia 2006 ikafungua shule kubwa ya Kigaeli kuanzia chekechea mpaka sekondari. Wengi wa watoto hao nyumbani hakuna anayeongea Kigaeli. Baba anaongea Kiingereza, mama Kiingereza, labda Kipunjabi, mtoto anaongea Kigaeli na mwalimu mpaka saa tisa basi, lugha inabaki shuleni pamoja na sare. Saa kumi na moja katuni ikianza ni mara ya kwanza siku hiyo lugha ile inasikika ndani ya nyumba, na haisikiki kama somo, ni paka na mleta barua wanahangaika na kifurushi kilichopotea. Sasa katuni hiyo uipeleke saa tatu usiku mtoto amelala, utakuwa umemrushia nani?

Wale waliokulia Wales watakuambia haya yote si mapya. S4C, stesheni ya TV ya Kiwelshi, ilipoanza Novemba 1982, baada ya mwanasiasa wa Wales, Gwynfor Evans, kutishia kugoma kula mpaka afe, iliwekwa kwenye nafasi ambayo kwingine kote Uingereza ilikuwa ya Channel 4, stesheni ya Kiingereza. Vipindi vya Channel 4 Wales ikawa unaviona saa za ajabu, vingine huvioni kabisa, na wakazi wa karibu na mpaka wakawa wanageuza antena zielekee mitambo ya England. Walilalamika miaka karibu thelathini, mpaka dijitali ilipowapa zote mbili. Leo sidhani kama kuna mwanasiasa wa Wales mwenye akili timamu atasimama kusema S4C ilikuwa kosa.

Sisemi Alba imeokoa Kigaeli. Sensa ya 2022 ilihesabu wasemaji 69,701, na wenye ujuzi wowote wa lugha hiyo 130,161, namba zimepanda, lakini shule zimechangia, apu za simu zimechangia, na kule visiwani kwenyewe wasemaji wameshuka chini ya nusu, jambo ambalo TV haikuweza kulizuia. Bunge la Uskoti limepitisha sheria 2025 ya kukipa Kigaeli hadhi rasmi. Hayo yatajulikana mbele.

Ninayemfikiria mimi ni mtu wa Lewis, mpenzi wa 6 Music, na wapo. Huyu alipata TV ya lugha yake na kupoteza redio yake siku moja, kwa rimoti moja. Ananasa kutoka kimtambo kidogo cha pembeni kinachobeba mafungu matatu tu badala ya sita, kwa hiyo hata kabla ya hapo stesheni alizokuwa nazo ni pungufu kuliko za ndugu yake wa Aberdeen. Ukimuuliza nani kamnyang'anya redio, kirahisi atanyoosha kidole kwa Alba kwa sababu ndo anayoiona pale namba 8. Lakini Alba ilichukua siti ambayo redio zilikuwa zimepakatwa kwa muda kwa sababu siti yao halisi, DAB, haikuwa imejengwa kwake. BBC ilikuwa inarusha DAB tangu 1995. Mpaka Alba inaingia Freeview ni miaka kumi na sita, na mabonde bado kimya. Baadaye wakajenga mitambo mingine 162 na kufikia zaidi ya asilimia 97 ya watu, ni asilimia ya watu lakini, si ya ardhi, na ukiitafuta ile tatu iliyobaki utaikuta sana kulekule kwenye milima na visiwa, karibu na watu walioambiwa kwamba TV yao ndo iliyozima redio.