North Carolina: gavana na wasaidizi asiowachagua

Watanzania tumezoea kampeni za mafiga matatu: ukimpa rais, mpe na mbunge wake, mpe na diwani. North Carolina, Marekani, nao walikuwa na alama moja kwenye karatasi ya kura iliyobeba wagombea wote wa chama isipokuwa wa urais, hadi sheria ya 2013 ilipoifuta. Novemba 5, 2024 wapiga kura walichambua jina kwa jina. Donald Trump wa Republican alishinda jimbo hilo kwenye urais, na siku hiyohiyo Josh Stein wa Democratic akachukua ugavana kwa karibu asilimia 55 dhidi ya 40 za Mark Robinson wa Republican. Nafasi kumi za utendaji za jimbo zima ziligawanyika tano kwa tano.

Kumi! Mbali na gavana, wananchi humchagua naibu wake, mwanasheria mkuu, mkaguzi mkuu, mweka hazina, hadi makamishna wa kilimo, bima na kazi. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, hasa kwa mkaguzi: anayekagua hesabu za serikali asiwe na kibarua kilichomo mkononi mwa anayemkagua. Hapo nakubali bila kusita.

Ila kwa naibu gavana, hapana. Robinson alikuwa naibu wa Roy Cooper wa Democratic, gavana aliyemtangulia Stein, maana wawili hao hupigiwa kura mbalimbali, na gavana akitoka nje ya jimbo naibu hukaimu. Oktoba 2023 Cooper akiwa ziarani Japani, Robinson alijiita kaimu gavana na kutoa tangazo la kuiunga mkono Israel. Mwaka uliofuata Cooper alijitoa kwenye majina ya wanaofikiriwa kuwa mgombea mwenza wa Kamala Harris, na hofu ya kumwachia Robinson ofisi ilikuwa miongoni mwa sababu alizotaja. Naibu angekuwa mgombea mwenza, haya yasingetokea.

Na kamishna wa kazi nani anamjua? Cherie Berry alikaa kwenye kiti hicho kuanzia 2001 hadi 2021, picha yake ikiwa ndani ya lifti za jimbo zima, kwenye cheti cha ukaguzi. Ukipanda ghorofani, anakutazama. Sisemi hakufaa kazi; nasema mpinzani wake angeipata wapi nafasi kama hiyo?

Kilichonishtua zaidi kinahusu ofisi ileile niliyoitetea. Desemba 2024, kabla Stein hajaapishwa, bunge la jimbo lenye wingi wa Republican lilipindua veto ya Cooper na kuhamisha uteuzi wa bodi ya uchaguzi kutoka kwa gavana kwenda kwa mkaguzi mkuu. Mkaguzi mteule alikuwa Dave Boliek, Republican. Mei 2025 bodi mpya ikaundwa: Republican watatu, Democratic wawili. Ni kweli magavana nao walikipa chama chao wingi huohuo. Lakini aliyempigia kura Stein alijua bodi inakwenda naye. Aliyempigia Boliek alidhani anachagua mkaguzi wa hesabu.