Mie Nikadhani Imeisha

Najua mshaipata habari, maana shoga yangu yule hana siri. Voisi yake imezunguka nusu ya Ng'ambo hapa Unguja. Eti siku ya kutazama video ya harusi niloipiga, niliruka dirishani. Uongo! Nilipita mlangoni, tena kwa adabu, kiatu kimoja mkononi.

Basi sikilizeni yangu. Sherehe za wanawake kwetu haziingiwi na mpiga picha mwanamume, ndo nikajitia fundi. Kamera ya kuazima, laptopu ya kuazima, ilimu ya YouTube. Nikajua kukata klipu, nikajua kuipandisha taarabu na kuishusha sauti ya kamera. Nusu ya malipo nishaila.

Ila mie sina moyo wa kufuta. Kila klipu nisiyoitaka naiburura kulia kabisa kwenye taimulaini, ule mstari wa kupangia klipu, kule mbali usikokuona mpaka ukufuate. Huenda ikafaa! Dada alonifunza aliniambia, kabla hujaitoa video bonyeza I pa kuanzia na O pa kukomea. Bila alama hiyo, programu inakwenda mpaka klipu ya mwisho itakayoikuta, na penye mwanya katikati inatia giza tu.

I niliibonyeza.

Laptopu ikarenda, yaani ikaitengeneza video nzima, mpaka alfajiri. Nikailaani laptopu.

Siku ya kutazama, Mwanakwerekwe kwa mama harusi, ukumbi umejaa mashangazi. Fleshi kwenye TV. Dakika 12 za raha: bi harusi, vigelegele, na mwishoni jina langu kwa maandishi ya dhahabu. Makofi! TV ikawa nyeusi, hakuna alojali kuizima. Chai ikaja na visheti, watu wakaanza kuniuliza bei. Nshakunja nne, naringa.

TV ikafufuka.

Kwanza mkeka. Kisha ncha ya dera la kijani. (Kamera niliiweka chini nile, sikuizima. Msinicheke.) Halafu sauti yangu, safi, bila taarabu ya kunisitiri: "Shoga, mtizame yule wa dera la kijani. Sambusa ya ngapi hiyo inaingia mkobani?"

Kikombe changu kimekwama njiani kwenda mdomoni. Rimoti iko wapi? Mapajani mwa bibi mmoja, naye anaongeza sauti. Kwenye TV shoga yangu, huyu huyu wa voisi, anajibu: "Sambusa keshamaliza, kahamia kwenye katlesi."

Vichwa vikageuka kimoja kimoja, kwa utaratibu, mpaka pembeni karibu na mlango. Bi mkubwa kakaa. Dera lile lile. Mkoba kaukumbatia mapajani, na wallahi sisingizii, mkoba umevimba.

Nikachomoa waya. Wa feni. TV ikaendelea kunisema, na sasa joto juu. Nikaomba radhi kwa maneno yasokuwa Kiswahili wala Kiarabu, nikatoka.

Jana mama harusi kanipigia. Hela zangu zilobaki, anasema, nikamdai stelingi wa picha.